Amri za ghafla mipakani zinaichosha Jumuiya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa mtangamano wa Afrika Mashariki, mjadala ambao kwa kawaida huendeshwa Arusha, Nairobi na Kampala na watu wanaovuka mipaka kwa ndege, ilhali sisi wa Tanga tunakutana nao kwenye kituo cha mpaka na Kenya cha Horohoro ukiwa umekwisha kugeuka amri. Niseme mapema kwamba nina maslahi katika jambo hili: nakaa Ngamiani, na shamba langu la machungwa liko wilaya ya Muheza. Hoja yangu ni moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki haikosi mikataba, wala haikosi maneno mazuri wakuu wake wanapokutana; inachokosa ni utaratibu wa kuizuia serikali yoyote mwanachama, yetu ikiwemo, isije ikaharamisha leo biashara ambayo jana ilikuwa halali.

Kwenye karatasi tumefika mbali. Mkataba ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika Julai 2000. Umoja wa Forodha ulianza Januari 2005, Soko la Pamoja likafuata Julai 2010, na Itifaki ya Umoja wa Fedha ikasainiwa Kampala Novemba 2013 kwa ahadi kwamba mwaka 2024 tungekuwa na sarafu moja. Mwaka huo umepita na ahadi imesogezwa hadi 2031, na sikumsikia mtu sokoni akinung'unika, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameisubiri. Wanachama tulioanza watatu sasa tumekuwa wanane, baada ya Kongo kuingia mwaka 2022 na Somalia kukamilisha taratibu zake Machi 2024. Shirikisho la kisiasa, ambalo ndilo hatua ya mwisho katika Mkataba, sitalizungumzia sana. Wananchi waliulizwa mwaka 2006 na 2007 kama liharakishwe, na wengi wa Watanzania waliotoa maoni walikataa. Naamini wangeulizwa leo wangejibu vilevile, na hawangekosa sababu.

Sasa tazama mambo yanavyokwenda nje ya karatasi. Mwaka 2017 mamlaka zetu ziliteketeza vifaranga 6,400 kutoka Kenya pale Namanga, kwa hoja ya kuzuia mafua ya ndege, na katika majira hayohayo zikapiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliokuwa wamevuka kutafuta malisho. Februari 2019 Rwanda ilifunga mpaka wake na Uganda pale Gatuna, na ikapita karibu miaka mitatu kabla haujafunguliwa tena Januari 2022. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, malori yakakwama, na siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti. Januari 2024 ilikuwa zamu ya ndege: Tanzania ilitangaza kusimamisha safari za shirika la ndege la Kenya kati ya Nairobi na Dar es Salaam, ikilalamika kwamba ndege yetu ya mizigo imenyimwa ruhusa na Kenya, na mambo yakamalizwa kwa mazungumzo ndani ya muda mfupi.

Msomaji atagundua kwamba sijasema nani alikuwa na haki katika kila tukio. Huenda vifaranga vilikuwa na hatari kweli, na sumukuvu si jambo la kufanyia mzaha, kwani huua watu na huharibu maini ya watoto. Ninachokilalamikia ni namna. Kiwango cha sumukuvu katika mahindi kilikwisha kukubaliwa na Jumuiya nzima, kuwa isizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja. Ambacho hakikuwa kimekubaliwa ni nani apime, apimie wapi, na matokeo ya maabara ya nchi moja yapokelewe vipi na nchi ya pili. Badala ya kumaliza swali hilo dogo la kitaalamu, nchi moja iliandika barua, na gharama ikabebwa na mwenye lori na mkulima aliyekwisha kuvuna. Wakubwa waliposuluhishana hakuna aliyewarudishia hawa hasara yao, kwa kuwa hakuna kifungu kinachosema warudishiwe.

Nije kwenye jambo linalotugusa sisi moja kwa moja. Julai 2025 Serikali yetu ilitoa amri inayowazuia watu wasio raia kufanya aina 15 za biashara, kuanzia uuzaji wa rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na saluni, hadi uongozaji wa watalii, uwakala wa forodha na ununuzi wa mazao shambani. Mgeni atakayekiuka atatozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo, pamoja na kupoteza kibali chake, na raia atakayemsaidia naye ana adhabu yake. Kenya ililalamika mara moja kwamba amri hiyo inakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja, hasa kifungu cha 13 kinachohusu haki ya raia wa nchi mwanachama kuanzisha shughuli za kiuchumi katika nchi nyingine.

Naielewa nia ya amri hii na kwa sehemu kubwa naiunga mkono. Wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo walilalamika kwa muda mrefu kwamba mtu anaingia nchini kwa kibali cha uwekezaji, kisha anaishia kuuza vyombo vya plastiki kwenye kibaraza pembeni ya mama aliyekopa mtaji wake kwenye kikundi. Hakuna serikali inayojiheshimu ambayo ingenyamaza. Lakini amri ilivyoandikwa inamweka kwenye kapu moja mtu aliyetoka bara jingine na Mdigo wa Lunga Lunga, ng'ambo tu ya mpaka, ambaye shangazi yake ameolewa Duga Maforoni, upande wetu. Wote ni wasio raia, basi. Tukiamua kwamba mwananchi wa nchi mwanachama hana tofauti yoyote na mgeni mwingine katika biashara ya tenga la matunda, tuseme hivyo waziwazi na tuiondoe sahihi yetu kwenye itifaki, kuliko kuiacha sahihi kule Arusha na kuweka askari huku.

Kuhusu machungwa nataka kusema zaidi, kwa sababu nimeona watu wa mijini wakilijadili jambo hili bila kujua biashara yenyewe ilivyo. Kwa miaka mingi wanunuzi kutoka Mombasa na Nairobi wamekuwa wakifika Muheza na kununua matunda yakiwa bado mitini, wakati mwingine hata kabla hayajakomaa, kwa bei ya kukadiria shamba zima kwa macho. Mkulima mwenye shida ya ada au ya mgonjwa huuza maua yakiwa ndiyo kwanza yanadondoka, na anapokuja kuona malori yakipakia msimu ukifika, hujua kwamba amepunjwa. Sitamtetea mnunuzi wa namna hiyo. Hata hivyo, dalali wa kwetu naye hufanya vilevile, kwa kipimo kilekile cha macho, na tofauti yake na Mkenya ni kwamba dalali hana soko la mwisho mkononi mwake. Analazimika kumtafuta Mkenya huyohuyo ng'ambo ya mpaka na kukata chake katikati. Amri ya kumzuia mgeni asiingie shambani, bila kujenga soko nje ya shamba, haimwongezei mkulima hata shilingi moja. Inamwongezea dalali.

Kinachotakiwa Muheza ni soko la wazi lenye mizani, ambako mkulima atapeleka matunda yaliyovunwa na mnunuzi yeyote, awe wa Dar es Salaam, wa Mombasa au wa Kigali, atanunua kwa kilo huku wenzake wakimwona na kushindana naye. Mfumo wa stakabadhi za ghala tulioupeleka kwenye korosho na ufuta hauwezi kutusaidia hapa, kwa sababu korosho husubiri mnada na chungwa huoza. Wala sioni kwa nini jambo hilo lihitaji kumfukuza mtu. Sheria ingeweza kusema kwamba ununuzi wote wa machungwa, wa raia na wa mgeni, ufanyike sokoni, na papo hapo ingekuwa imetimiza lengo la kumlinda mkulima bila kugusa itifaki yoyote. Ningependa kujua kama kuna mkulima wa Muheza aliyeulizwa kabla ya amri kuchapishwa.

Ndipo ninapofika kwenye mfano ambao kwa maoni yangu unaieleza Jumuiya yetu kuliko hotuba yoyote, nao uko hapahapa Tanga. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 ziko katika ardhi ya Tanzania. Uganda iliamua mwaka 2016 kuyapitisha mafuta yake kwetu badala ya Kenya, serikali mbili zikasaini makubaliano Mei 2017, na jiwe la msingi likawekwa Chongoleani Agosti mwaka huohuo. Lakini wawekezaji hawakutoa uamuzi wao wa mwisho hadi Februari 2022, na sababu moja kubwa ni kwamba walitaka kwanza wahakikishiwe kwamba kodi na masharti hayatabadilishwa kiholela baada ya fedha zao kuzama ardhini. Walihakikishiwa. Kulikuwa na mikataba na nchi mwenyeji, na Bunge letu likatunga sheria maalumu ya bomba hilo mwaka 2021.

Sina ugomvi na bomba. Nasema tu kwamba Serikali ileile iliyoona ni busara kujifunga mikono mbele ya kampuni kubwa za mafuta, kwa sababu ilijua kwamba hakuna anayeweka mtaji mahali ambapo kanuni hubadilika usiku, haioni busara hiyo inapofika kwa mwenye fuso moja la matunda. Huyu naye amewekeza. Mtaji wake ni mdogo, pengine wa mkopo, na ndiyo maana hawezi kuhimili hata wiki moja ya lori kukaa mpakani.

Bandari ya Tanga nayo imo katika hesabu hiyo. Serikali imetumia shilingi bilioni 429.1 kuchimba lango na kuboresha magati, na kina kwenye gati kimetoka mita 3 hadi 13, kwa hiyo meli ambazo zamani zilitia nanga mbali na mizigo ikashushwa kwa matishari sasa zinafunga gatini. Ni kazi nzuri na anayeibeza hajui tulikotoka. Hata hivyo, gati refu linahitaji mizigo, na mizigo ya kulijaza haiwezi kutoka Handeni na Korogwe peke yake. Itatoka Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Mfanyabiashara wa Kampala anayechagua kati ya Mombasa na Tanga hupima tozo na umbali, lakini hupima pia uwezekano wa kuamka na kukuta tangazo jipya. Uganda yenyewe iliishitaki Kenya katika Mahakama ya Afrika Mashariki Desemba 2023 kwa sababu ya mzozo wa uagizaji wa mafuta, na wakati ule macho yake yalielekea kwenye bandari zetu. Tusiposhika kanuni zetu sawasawa, macho hayo yatageukia kwingine.

Watu watasema vyombo vya kuzuia mambo haya vipo. Vipo, ndiyo. Mahakama iko Arusha, na kifungu cha 30 cha Mkataba kinamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kwenda kupinga sheria au amri inayokiuka Mkataba, ilimradi afanye hivyo ndani ya miezi miwili. Mwenye machungwa yanayooza Horohoro anahitaji jibu ndani ya siku mbili. Kuna pia sheria ya Jumuiya ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha, yaani vizuizi vya biashara ambavyo si ushuru, pamoja na kamati za kila nchi za kuvifuatilia, lakini utaratibu wake huanza baada ya kikwazo kuwekwa, na huishia mezani kwa mawaziri walewale ambao serikali zao ndizo zilizokiweka. Bunge la Afrika Mashariki lina wajumbe 9 wa kuchaguliwa kutoka kila nchi, lakini wanachaguliwa na mabunge ya kitaifa, si na sisi, na muswada wao hauwi sheria mpaka wakuu wa nchi wauridhie. Juu kabisa, mkutano wa Wakuu wa Nchi huamua kwa kauli ya pamoja, maana yake mmoja akikataa jambo limekwama.

Hapo ndipo wazee wa Tanga wanapopata hofu, kwa sababu wameshaiona Jumuiya ikivunjika. Ile ya 1967 ilikuwa na reli moja, shirika moja la ndege, bandari na posta za pamoja, mambo ambayo hii ya sasa haijayakaribia. Lakini kila kitu kiliwategemea marais watatu wakae meza moja, na baada ya Idi Amin kumpindua Rais Obote wa Uganda Januari 1971 hawakukaa tena. Mwaka 1977 Jumuiya ikafa na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983. Mpaka wenyewe, kutoka mdomo wa Mto Umba kuelekea Ziwa Jipe, Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886 bila kumwuliza mtu wa Vanga wala wa Jasini, na kwa miaka ile sita ndugu wa pande hizo mbili walizikana kwa kupitia njia za panya.

Yako matatizo mengine makubwa zaidi ya haya ninayoyaandika, na sitajifanya siyaoni. Rwanda na Kongo ni wanachama wa Jumuiya moja, na Januari 2025 mji wa Goma, mashariki ya Kongo, uliangukia mikononi mwa waasi wa kundi la M23, wanaodaiwa kusaidiwa na Rwanda. Jeshi la Jumuiya lililopelekwa huko mwaka 2022 lilikuwa limekwisha kuondolewa Desemba 2023, na nafasi yake kuchukuliwa na la SADC, yaani jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, lililokuwa na askari wetu ndani yake. Sisi tumo katika SADC na tulijitoa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000, Kenya imo COMESA na tangu Julai 2024 ina mkataba wake wa kibiashara na Umoja wa Ulaya ambao sisi tulikataa kuusaini. Ushuru wa pamoja wa forodha nao una matundu: mchele kutoka nje ya Jumuiya unapaswa kutozwa asilimia 75, lakini Kenya kwa miaka mingi imeruhusiwa kutoza 35, na mkulima wetu wa mpunga anakuta mchele wa Pakistan umemtangulia katika soko la Mombasa. Haya yanahitaji marais na majenerali. Amri za ghafla hazihitaji, na ndiyo maana nazing'ang'ania.

Pendekezo langu ni kwamba Baraza la Mawaziri la Jumuiya lipitishe kanuni ya muda wa taarifa. Nchi inayotaka kuzuia bidhaa au shughuli ya raia wa nchi nyingine mwanachama itangaze kusudio lake walau siku 90 kabla, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Jumuiya, ikieleza sababu na kifungu inachokitegemea. Mzigo uliokwisha kuanza safari kwa hati halali uachwe ufike. Penye dharura ya kweli, kama ugonjwa wa mifugo au sumu katika chakula, nchi iruhusiwe kuzuia mara moja, lakini wataalamu wa pande zote mbili wapime kwa pamoja ndani ya siku 14, na zuio lisipothibitishwa na kipimo lifutike lenyewe bila kusubiri rais ampigie rais mwenzake simu. Mahakama ipewe jaji wa zamu wa kusikiliza mashauri madogo ya mipakani kwa njia ya mtandao, yakiletwa kwa fomu moja kama ile rahisi ambayo wafanyabiashara wadogo huitumia tayari kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000.

Najua serikali hazipendi kujifunga. Lakini sisi wenyewe tulilalamika Malawi ilipozuia baadhi ya mazao yetu Machi 2025, na Afrika Kusini ilipoendelea kuzikataa ndizi zetu. Tukajibu Aprili kwa kuzuia mazao yao, na siku chache baadaye tukaondoa zuio ili mazungumzo yaendelee. Kanuni ya siku 90 ingetulinda na sisi pia, kama na SADC wangekuwa nayo.

Wakati hayo yakisubiri Arusha, kuna jambo ambalo halihitaji kikao cha nchi nane. Wizara iliyoitoa inaweza kuirekebisha amri ya Julai 2025 ili iwatofautishe raia wa nchi wanachama wanaonunua mazao, na iwaelekeze sokoni badala ya kuwapiga marufuku, na halmashauri ya Muheza ikatafutiwa fedha za uwanja na mizani kabla ya msimu mkubwa ujao wa machungwa. Wajumbe wetu 9 wa Bunge la Afrika Mashariki nao wanakaribishwa Horohoro. Waje siku ya kawaida, bila msafara, wakae na mawakala wa forodha na akina mama wa vikapu, kisha watueleze ni lipi kati ya waliyoyasikia watalipeleka Arusha na lini.

Wako,
Mkulima wa machungwa,
Ngamiani, Tanga
(Jina limehifadhiwa)